Ijumaa za Mzee wa Mahindi

Dada wa Kikenya anayetusaidia kazi hapa nyumbani Mawaleh, Maskati, ana tabia ya kupiga pasi huku simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai. Mie sipendi. Nishamwambia mara nyingi: pasi haina macho, mwenye macho ni weye, na macho yako yako kwenye simu, ipo siku utaunguza dishdasha, kanzu ya mtu. Hunijibu, "Sawa Mama," kisha akaongeza sauti kidogo.

Siku moja baada ya alasiri nikasikia fidla inalia kutoka chumba cha pasi. Si ya taarabu. Fidla ile inayokwenda mbio kama kuku anayefukuzwa, na chini yake kitu kama gambusi kinadonoa donoa. Nikaenda na fimbo yangu mpaka mlangoni.

"Hiyo nini?"

"Ni kantri, Mama. Kwetu tunaipenda sana, Jumapili redioni ni hizi tu. Ona hawa wazee. Ni kipindi cha kitambo, wanaimba na wanachekesha."

Nikainama nikatazama. Wanaume wa makofia ya majani na suruali zenye mikanda mabegani, marobota ya nyasi kavu, ghala la mbao. Hakikuwa kile kipindi chetu cha zamani, lakini kilikuwa ndugu yake, baba mmoja mama mmoja. Yule dada akaanza kunifasiria: "Huyu anasema alinunua farasi kipofu, akamrudishia mwenyewe, sasa yule mwenyewe akamwambia..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Sitaki kujua anasema nini."

Akanitazama kama nimemtukana. Maskini, hakukosa kitu. Ndiyo nikaona bora niandike, maana hili si jambo la kumweleza mtu na pasi imo mkononi.

Mie skuli sikusoma. Nimesoma chuoni, nimehitimu Kurani, basi. Herufi za Kizungu nimezijua mtu mzima, na mpaka leo nnaandika polepole kama mtu anayechambua mchele.

Niliolewa nikaletwa Maskati kutoka Unguja na sanduku moja. Nyumba ya mume wangu ilikuwa Ansab, na Ansab ya siku zile haikuwa hii ya majumba na magari. Ilikuwa vumbi, mitende, na nyumba za kuhisabika. Ndani tulikuwa watatu: mie, mume wangu, na mamaake. Alikuwa na dada pia, lakini huyo ameolewa Yiti, huko pwani, na watoto wake. Na kusema kweli tulikuwa wawili tu siku nyingi, maana mume wangu alikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya mafuta jangwani. Wiki mbili huko, wiki mbili nyumbani.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye adabu mpaka inatisha. Hakupata kunigombeza hata siku moja. Akitaka kunisema husema na paka. Au husema na birika. "We birika," atasema, "siku hizi huoshwi, na mdomo wa kushitaki huna." Na mie nimesimama pale pale nnasikia. Ndiyo malezi yetu yalivyokuwa. Muungwana hamkabili mwenziwe na neno kavu usoni. Hulitupa, na mwenye nalo ataliokota.

Ulipoingia mwaka wa nne na mie sijapata mtoto, akaanza kununua kanga mpya. Kila baada ya siku chache kanga, na kila kanga na jina lake limeandikwa chini. Atanipitia jikoni, atageuka kunipa mgongo, atasimama, angoje. Mie nilikuwa nnaona rangi tu, kusoma sijui. Nikamwambia kwa moyo safi, "Mama, hiyo nyekundu imekupendeza khasa. Usiivue leo." Akatoka jikoni bila ya chai yake. Wiki mbili nzima alinirushia mabomu na hakuna hata moja lililoripuka.

Mume wangu aliporudi zamu yake, yeye akasoma. Alizikuta tatu zimeanikwa uani. Alizipitia moja moja, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba, kisha akaingia ndani akanawa uso. Jioni yake ndiyo akaniambia.

"Mama anataka nioe. Kuna binti wa jamaa zetu wa kule milimani. Wanangoja jawabu."

"Nawe wataka?"

"Mie sitaki."

"Basi mwambie."

Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. "Nimwambie Mama? Kwa mdomo huu?"

Mume wangu aliweza kuinua pipa la mafuta peke yake. Lakini neno "sitaki" mbele ya mamaake halikuwa na pa kutokea. Na mie nilishajisemea kuwa sikai uke wenza. Si kwa kiburi, ila najijua. Basi miezi ile nilikuwa na mawili tu mbele yangu: ama huyo binti asije, ama mie nirudi kwetu.

Zamu ile ile alikuja na boksi. Mzungu mmoja fundi wa visima alimaliza mkataba wake, akamwachia mashine ya video na mikanda kumi na kitu. Yote ilikuwa kipindi kimoja, alichorikodiwa na jamaa zake huko kwao Marekani. Jina lake hatukulijua. Sisi tulikiita Kipindi cha Mashamba.

Tulikitazama Ijumaa, watu wameshasali na wameshakula. Mama mkwe juu ya kochi, mguu kaunyoosha. Mume wangu chini, karibu na mashine. Mie juu ya mkeka mlangoni na sinia la kahawa, maana mke wa mtu hakai kati ya chumba mbele ya mkwewe, wala hacheki meno nje.

Kulikuwa na ghala la mbao, na nyuma yake shamba la mahindi lililochorwa kitambaani, hata mtoto angejua kuwa limechorwa. Mzee mmoja kakaa kwenye gogo anapukuchua mahindi. Husema neno moja, haraka, uso mkavu, na watu usiowaona wakaangua kicheko. Kulikuwa na ndugu wawili wanene, mmoja wa fidla na mmoja wa hilo gambusi lao. Kulikuwa na mama wa aproni, kashika kijiti cha kusukumia chapati, anamkemea kila anayepita, lakini mwisho wa kipindi hukiweka chini kile kijiti akaimba, na sauti alikuwa nayo. Na mbuzi alikuwa akipita anapotaka, hana aliyemuuliza.

Ijumaa ya kwanza mama mkwe akauliza, "Anasema nini huyo mzee?"

Yeye kwa imani yake mwanawe anajua Kiingereza, miaka yote ile na Wazungu. Mume wangu alikijua Kiingereza cha stoo: bolti, bomba, tani, kesho, hakuna. Akakohoa.

"Anasema... mbuzi kamlia kofia yake."

Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Nami siku ile ile nikajua ni uongo, kwa sababu kofia alikuwa nayo kichwani.

Ijumaa ya pili akatia mkanda ule ule. Asiyejua kusoma, kichwa chake ndiyo daftari lake, na mie nilikuwa nnakumbuka kila kitu kilipokuwa. Mzee yule yule, mdomo ule ule, kicheko pale pale. Lakini safari hii mume wangu akafasiri: "Anasema ana jirani mwenye ng'ombe wawili, na kila asubuhi jirani huyo huja kuazima maziwa kwake yeye mwenye mmoja."

Wazungu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Aliweka kikombe chini, akamtazama mwanawe kisogo kwa muda.

"Huyo mzee ana maneno," akasema.

"Ana maneno, Mama."

"Na mamaake yuhai?"

"Hakusema."

Hapo ndipo ilipoanza. Mama mkwe hakuwa mtu wa kupigwa akakaa. Zamu iliyofuata, alipotokea yule mama wa aproni, mume wangu akafungua mdomo, mamaake akamzuia kwa mkono. "Huyu usinifasirie. Huyu nnamfahamu mwenyewe. Anasema: nimezaa, nimelea, sikudai ujira. Nataka cha kupakata tu, nacho pia naonewa choyo." Wajukuu alikuwa nao sita kule Yiti, lakini hao kwake walikuwa watoto wa watu. Alitaka wa mwanawe.

Mume wangu shingo ikamwingia mabegani. Akangoja. Mzee wa mahindi alipotokea tu, akamjibu mamaake kwa mdomo wa yule mzee.

Ikawa ndiyo Ijumaa zetu. Mama na mwana wasiopata kuzozana maisha yao, wanazozana kwa midomo ya Wazungu, tena kwa adabu, "Kasema hivi Mama," "Na huyu kamjibu vile mwanangu." Sitasema uongo: ingawa aliyekuwa akisemwa ni mie, nilikuwa nikiingoja Ijumaa. Walikuwa mafundi. Mara nyingine nilitia ncha ya kanga mdomoni nikaiuma, nisicheke. Mtu akiniuliza leo nyumba ile ilikuwaje, nakumbuka harufu ya kahawa, feni linalia, na wale wawili wanatazama mbele kama hawana neno na mtu, na kila mmoja anautafuta mdomo wa kusemea.

Likaja neno kutoka milimani. Jumamosi wanateremka kuchukua jawabu.

Ijumaa yake hakuna aliyelitaja. Mume wangu alitia mkanda mara mbili, mara ya kwanza kaugeuza. Mzee wa mahindi akasema lake, kicheko kikatoka.

"Leo ntafasiri mie," alisema mama mkwe. "Anasema shamba lisilotoa si kosa lake, lakini mkulima hafi njaa kwa kulionea haya. Hutafuta jengine."

"Hakusema hivyo, Mama."

"Kasema nini?"

"Kasema shamba ni lake, mvua ni ya Mungu."

"Na kasema mwenye kungoja mvua angoje, lakini mamaake kifo hakimngoji."

Mume wangu alikuwa hajageuka. "Kasema mamaake naye aliingoja. Miaka saba aliingoja, mpaka akamzaa yeye. Na babaake hakutafuta shamba jengine."

Mie nilikuwa silijui hilo. Miaka minne ndani ya nyumba ile, na hakuna aliyeniambia kuwa mwanamke yule alikaa saba.

Kwenye televisheni yule mama akaweka kijiti chake chini, akaanza kuimba. Hakuna aliyecheka huko, na huku hakuna aliyefasiri. Mama mkwe anatazama mbele. Mume wangu anatazama mbele. Mie mlangoni na sinia langu. Nikasikia mtu anasema, kumbe ni mie.

"Huyu anasema," nikasema, "nimekuja na sanduku moja, tena halikuwa zito. Akiingia mwengine kwa mlango huu, ntatoka kwa mlango huu huu, kwa heshima, simtukani mtu. Lakini anasema lipo moja linamuudhi. Anasemwa na paka. Anasemwa na birika. Sasa anasemwa na mzee wa mahindi. Mwenye neno lake na amwambie yeye. Masikio anayo."

Nikaliweka sinia chini. Mume wangu kaikodolea macho ile mashine kama inataka kuwaka moto. Mama mkwe hakugeuka. Aliuacha wimbo ukaisha wote, kisha akasema, macho yako kule kule kwenye kioo:

"Muulizeni huyo mwanamke. Akitoka, magoti ya mkwewe atayakanda nani?"

Nilikuwa nikimkanda kila jioni, kwa mafuta ya karafuu yaliyopashwa, miaka yote ile. Hatukupata kusema neno katika kukandana kule. Mie nilidhani haoni tofauti kati ya mkono wangu na mto.

"Anasema," nikajibu, "hilo hata yeye amelifikiria."

Jumamosi asubuhi nikafunga sanduku langu nikaliweka ukumbini, karibu na mlango. Sikulia. Jamaa wa milimani wakaja, wanaume wakakaa majlisi na mume wangu, wanawake wakakaa ndani na mama mkwe. Nikawapelekea halwa na kahawa, nikarudi jikoni kwangu. Walikaa mpaka adhuhuri. Nilisikia wanaagana, sikusikia vigelegele, na hilo lilikuwa halina maana bado, maana watu wa milimani si watu wa vigelegele.

Mama mkwe akaja jikoni. Paka alikuwepo, birika lilikuwepo. Hakuvitazama. Alisimama mbele yangu akanitazama mie.

"Nimewambia mwanangu ana mke. Usiniulize kwa nini, wala usinishukuru. Na hilo sanduku liondoe njiani, ntajikwaa."

Ndiyo mara ya kwanza kunisemesha neno la maana kwa uso wake na uso wangu. Nikamwambia, "Inshaallah, Mama," nikenda kuliondoa.

Nilitaka nisemwe usoni, nikasemwa usoni. Ya Rabi, kumbe maneno alikuwa nayo! Wali wangu unashikana. Nnatembea kama punda wa chokaa. Mtu hapiki kahawa kama anachemsha majani ya dawa. Miaka minne ilikuwa imejaa, ikafumuka. Nami nikamjibu, na yeye akanijibu, na magoti nikamkanda, na sasa tukawa tunazungumza katika kukandana.

Lakini Ijumaa zetu zilikufa. Mume wangu alitia mkanda, mzee akasema, Wazungu wakacheka, na chumbani kimya. "Anasema mbuzi kamlia kofia," atasema mume wangu, na hakuna hata anayetabasamu. Hakukuwa na neno la kupitishia pale. Tulibaki watu watatu tunawatazama watu wasiotuhusu. Siku moja mama mkwe alishusha pumzi akasema, "Zamani huyu mzee alikuwa na maneno." Mume wangu akasema, "Amezeeka, Mama." Nami nikaona haya, maana niliyemnyamazisha ni mie, na nilikuwa nnamtamani kama wao. Mpaka leo nnamtamani. Sikuwahi tena kusikia watu wanapendana kwa ufundi ule.

Mwaka ule haukwisha, mama mkwe akasema anakwenda Yiti kwa binti yake. Alikwenda asubuhi kwa pikapu ya jirani, yeye na magoti yake. Alirudi alasiri na kitoto cha kike cha miaka miwili kimelala begani kwake. Wa tano wa wifi yangu. Akakitia mikononi mwangu kama mtu anayekabidhi mzigo wa watu.

"Mamaake karidhia, babaake karidhia. Mlee."

Kwetu ni kawaida, ndugu humpa ndugu mtoto amlee, na mtoto hukua anajua ana mama wawili. Nikasema, "Mama, mie sijui kulea."

"Nani alijua?" akasema, akenda kunawa. Mtoto huyo ndiye ninayekaa kwake hapa Mawaleh, na wanawe ndio wanaoniita Bibi.

Ijumaa ya kwanza ya kitoto hicho mume wangu akatia mkanda kwa mazoea tu. Sisi wakubwa, kama kawaida yetu, macho yako kwa mzee wa mahindi, tunangoja mdomo wake ufunguke. Mara kitoto kikaangua kicheko. Kilicheka mpaka kikaanguka ubavu juu ya jamvi. Tukatazamana. Mzee hajasema kitu bado.

"Anacheka nini?" akauliza mama mkwe.

Mume wangu akaurudisha mkanda nyuma kidogo. Tukatazama vizuri. Wale ndugu wawili wanene walikuwa wamekaa benchi moja, kule pembeni. Wa fidla akainuka apige, benchi likapinduka, mwenziwe akaenda chini na gambusi lake, miguu juu. Kitoto kikacheka tena vile vile.

"Kaanguka," alisema mama mkwe.

"Kaanguka, Mama."

"Na ule mkanda si ndiwo huu huu? Wiki zote zile alikuwa anaanguka?"

"Kila wiki."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akanitazama mie, akamtazama yule mnene aliyelala chini na miguu juu. Bega likaanza kumtikisika. Akacheka, mume wangu akacheka, nami nilikuwa nimeshatoka mlangoni nimekaa kati ya chumba na mtoto, nikacheka meno nje.

"Rudisha tena," akasema mama mkwe.